Komedi Imeanza kwa Kuchechemea, Niiache au Niivumilie?

SWALI: Anko shikamoo. Mi nakaa Ipagala hapa hapa Dodoma, kazi yangu ni serikalini kule Mtumba. Sasa kuna mwenzangu ofisini kila siku ananipigia kelele niangalie komedi moja ya Kimarekani inaitwa Parks and Recreation, anasema we ukiiona utajiona mwenyewe maana inahusu watumishi wa halmashauri, kanirushia yote kwenye fleshi. Nimekaa na mume wangu tumeangalia episodi tatu za mwanzo, Anko kiukweli hatujacheka, mume wangu kapitiwa na usingizi, na yule dada ambaye ndo steringi ananikera, anaongea mno alafu anaonekana kama hajielewi, wenzie wote wanamcheka chini chini yeye tu ndo hajui. Nikamwambia mwenzangu, akanijibu vumilia mpaka msimu wa pili. Anko, mtu mzima una kazi, una watoto, una jiko linakusubiri, kweli ukavumilie kitu ambacho kazi yake ni kukuchekesha? Kuna ukweli hapo au ananipotezea muda?
*Mama wa Ipagala*

JIBU: Marahaba mama. Mwenzako kasema kweli, na naomba usifute hiyo fleshi bado.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa muda. Msimu wa kwanza wa hiyo komedi una episodi 6 tu, umeshaangalia tatu, kwahiyo ulichobakiza ni jioni moja, na kila episodi haifiki ata nusu saa. Ilianza kuonyeshwa Aprili 2009 kwenye stesheni ya NBC kule Marekani, waliotunga ni Greg Daniels na Michael Schur, na wote wawili walikuwa wametokea kwenye komedi nyingine kubwa, The Office. Hilo likawa mtihani wao wa kwanza, maana watu walikaa kwenye tivii wakisubiri waone The Office nyingine, alafu wakamuona huyo dada, Leslie Knope, anayeigizwa na Amy Poehler, wakaona aah huyu si ndo bosi yule yule wa The Office asiyejijua ila safari hii kavaa sketi.

Na wewe umeliona tatizo lenyewe bila kuambiwa na mtu. Wenzie wanamcheka. Leslie ni naibu mkurugenzi wa idara ya bustani na viwanja vya mapumziko kwenye mji wa kutungwa unaoitwa Pawnee, jimbo la Indiana. Anaipenda kazi ya umma kwa moyo wote, anaamini mkutano wa wananchi ni kitu kitukufu, anaamini fomu ikijazwa vizuri maisha ya mtu yatabadilika. Sasa episodi ya kwanza kabisa anakuja nesi, Ann, kwenye mkutano kulalamika kwamba jirani na kwake kuna shimo kubwa, mjenzi kafilisika kaliacha wazi, na mpenzi wake kadumbukia humo kavunjika miguu yote miwili. Leslie anasimama mbele ya watu anaahidi shimo litafukiwa na patajengwa bustani. Mama, wewe na mimi tunaoishi mji huu tunajua mkutano wa aina hiyo, mwenyekiti yupo mbele, mzee mmoja kashika kipaza sauti hataki kukiachia, mwingine analalamikia kitu ambacho hakimo ata kwenye ajenda, alafu mtumishi mmoja kijana anaandika kila kitu kwenye daftari kwa bidii. Msimu wa kwanza unataka umcheke huyo kijana wa daftari, na ndo maana unauma, hauchekeshi.

Msimu wa pili, ulioanza Septemba mwaka huo huo, waandishi walifanya kitu ambacho nakiheshimu sana. Leslie mwenyewe hawakumgeuza kivile, anaongea vile vile na ana haraka vile vile na mafaili yake kibao, ila waligeuza namna wenzie wanavyomtazama. Sasa wanajua kwamba bila yeye hiyo idara imekufa. Bosi wake Ron Swanson, ambaye ni mtumishi wa serikali asiyetaka serikali ifanye kitu chochote, na kaigizwa na Nick Offerman vizuri kupita maelezo, anabishana naye kila siku lakini anamheshimu, na ukishaona Ron anamheshimu basi na wewe huku sebuleni unaanza kumheshimu, alafu kicheko kinakuja chenyewe maana sasa unacheka pamoja naye.

Na lile shimo linafukiwa kweli, episodi ya sita ya msimu wa pili, kwa fujo ya ajabu sitakumalizia utamu. Yule mpenzi wa nesi, Andy, ambaye ni Chris Pratt kabla dunia nzima haijamjua, alipangwa awepo msimu wa kwanza tu alafu aondoke. Walipoona anavyochekesha wakambakisha, msimu wa pili unaanza kaachwa na Ann na kahamia ndani ya shimo lenyewe na hema lake. Mhusika mwingine, yule afisa mipango miji, aliondoka mwisho wa msimu wa pili maana hakuwa na la kufanya tena, na mahali pake wakaingia wakaguzi wawili wa jimbo waliotumwa kuja kukata bajeti ya mji. Hapo mtumishi wa Mtumba hutahitaji mtu wa kukufafanulia. Ilidumu misimu 7 mpaka Februari 2015.

Sasa hili la kuvumilia kitu cha kuchekesha, mama swali lako ni zito kuliko linavyoonekana. Tamthilia ya mapenzi au ya mauaji inaweza kukukamata dakika ya tano, mtu kauawa, unataka kujua nani kaua, umeshanasa. Komedi ya wahusika haina ndoana hiyo. Inakuchekesha ukishamjua mtu. Waulize waliokua na redio enzi za Radio Tanzania watakwambia Pwagu na Pwaguzi wakianza tu kuongea watu wameshaanza kucheka, hakuna kichekesho kilichosemwa bado, ni kwamba unawajua wale watu na unajua leo wanakwenda kuharibu. Joti naye akitokea kavaa kibibi watu wameshavunjika mbavu kabla hajafungua mdomo. Huo mtaji haupatikani siku ya kwanza, lazima mtazamaji na mhusika wakae pamoja kwanza. Na waandishi nao hawawajui waigizaji wao mwanzoni, zile kurasa za mwanzo zinaandikwa kabla hawajaona nani akinyamaza anachekesha zaidi kuliko akiongea, nani na nani wakiwekwa meza moja kunawaka moto. Wanajifunzia hewani, mbele yetu.

Kwahiyo maliza hizo tatu, ingia msimu wa pili, nenda mpaka shimo lifukiwe. Kama hapo bado mume wako anasinzia basi futa, utakuwa umeitendea haki.

SWALI: Anko shikamoo, mi ni mwanafunzi pale UDOM. Umewahi kuisifia The Office ya Marekani humu ndani nikaitafuta, bando langu likaishia kwenye episodi ya kwanza na nimebaki na hasira. Yule bosi anamfanyia dada wa mapokezi kitu kibaya sana, anajifanya kamfukuza kazi kwa wizi kumbe utani, dada analia. Hicho ni kichekesho? Room wanasema niruke msimu wa kwanza wote nianzie wa pili. Niruke?
*Kijana wa UDOM*

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hasira yako iko mahali pake, hiyo sehemu inauma na ilikusudiwa iume, tatizo ni kwamba ilikusudiwa na watu wengine kwa ajili ya watazamaji wengine.

The Office ya kwanza ni ya Uingereza, waliitunga Ricky Gervais na Stephen Merchant, ilianza BBC 2001. Ni komedi kavu, fupi, yenye huzuni ndani yake, na bosi wa kule, David Brent, kaumbwa umwonee aibu mpaka utamani kujificha nyuma ya kochi. Wamarekani walipoichukua, Machi 2005, episodi ya kwanza wakaifuata karibu neno kwa neno. Ule utani wa kumfukuza dada wa mapokezi na kumsingizia kaiba karatasi zile za kubandika upo kwenye zote mbili. Kile cha mashine ya kupigia pini kuwekwa ndani ya jeli nacho kimetoka Uingereza. Kwahiyo wakapata bosi, Michael Scott, ambaye ana ukali wa Brent ila hana ile hali ya kule iliyomzunguka Brent ikamfanya aeleweke. Kaning'inia tu hewani, mkatili bila sababu. Na ata nywele zake msimu ule zimelazwa kwa mafuta namna ambayo mtu unamchukia kabla hajaongea.

Msimu ule nao ulikuwa wa episodi 6, na NBC hawakuwa na uhakika kama wauendeleze. Katikati hapo, Agosti 2005, Steve Carell anayeigiza huyo bosi akatoka na muvi iliyofanya vizuri sana, watu wakamuona ni mtu mwenye roho nzuri usoni, na waandishi nao wakakaa wakasema huyu bosi lazima tumpe kitu cha kupendeka. Msimu wa pili wakamtengeneza nywele, wakampa upweke unaoonekana, anataka wafanyakazi wake wawe familia yake kwasababu nyumbani hana mtu. Na wakampa kitu kimoja kikubwa zaidi, wakampa ujuzi.

Hapa nataka utulie uangalie episodi ya saba ya msimu wa pili. Michael na bosi wake wa juu, Jan, wana kikao na mteja wa serikali ya kaunti, wanataka mkataba wa kuuza karatasi. Jan kapanga kikao hotelini kwa heshima zake, Michael kakihamishia kwenye mgahawa wa kawaida tu wa familia. Wanakula, wanapiga soga, Michael anatoa hadithi, anafanya utani, Jan kila akijaribu kuingiza biashara Michael anarudisha stori, na wewe mtazamaji umeshajua kwamba huyu mpuuzi anaenda kuharibu mkataba, Jan ameshakata tamaa kabisa usoni anaonekana. Alafu saa zimeenda, mteja kalegea, ndipo Michael anaingiza maneno machache tu kuhusu watu wa hapa hapa na jinsi kampuni kubwa za mbali zisivyomjua mtu, na mkataba ukapatikana. Jan anamwangalia kama vile hajawahi kumuona. Na wewe pia. Kumbe huyu mtu alipandishwa cheo kwasababu alikuwa muuzaji hodari, wakamtoa kwenye kile anachokiweza wakamweka kwenye kile asichokiweza. Ni ofisi ngapi unazijua zenye mtu wa hivyo? Mwalimu mzuri kapewa ualimu mkuu, fundi mzuri kageuzwa meneja. Kuanzia hapo kila upuuzi wake unaucheka kwa namna nyingine kabisa.

Kuruka nakushauri usiruke. Kuna ile stori ya Jim na Pam, yule yule dada wa mapokezi, inaanza msimu wa kwanza kimya kimya, anachumbiwa na mtu mwingine na Jim anakaa meza ya jirani anaumia, ukiruka hiyo msimu wa pili unakosa nusu ya uzito wake. Na ile episodi ya pili, ya mafunzo ya kuheshimu watu wa asili mbalimbali, haikunakiliwa kutoka Uingereza, waliiandika wenyewe, na tayari unaona komedi inaanza kutafuta sauti yake. Sita tu hizo, kijana wangu, nunua bando la usiku. Baada ya hapo inakwenda misimu 9, ikaisha Mei 2013, ila Carell aliondoka mwishoni mwa msimu wa 7 na mimi pale ndo huwa naishia.

SWALI: Mbukwenyi Anko. Sisi ni vijana watano tupo Mpwapwa, tuna kikundi cha vichekesho, tumerekodi komedi yetu ya baba mwenye nyumba na wapangaji wake tunairusha mtandaoni na stesheni moja ya kebo ilikubali kuionyesha. Tumetoa episodi 6. Anko watu hawacheki, wanaoandika wanasema afadhali mrudi shamba, na mdhamini wetu ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi anasema zikifika 10 hali hii hii anajitoa. Baba mwenye nyumba ni mjanja anawaonea wapangaji, anapandisha kodi, anawakatia umeme, na ana kijana wake wa kazi ndo anampa akili za kuwaonea. Tunapiga picha sehemu nyingi, mlimani, stendi, sokoni, mpaka tulikwenda Kongwa, hela inaishia kwenye bodaboda na kukodi gari. Tukibadilisha wahusika katikati si watu watatuona hatujielewi? Au tuanze komedi nyingine kabisa?
*Vijana wa Mpwapwa*

JIBU: Mbukwa wanangu. Barua yenu nimeisoma zaidi ya zote maana nyie mko upande wa pili wa kamera, na nawapa jibu langu hapa mwanzo. Msianze nyingine, badilisheni hii hii, na msiogope kuonekana mnabadilisha.

Mnamjua Mr. Bean, hakuna mtoto wa Mpwapwa asiyemjua. Yule mwigizaji, Rowan Atkinson, kabla ya Mr. Bean ambayo ilianza 1990, alikuwa na komedi nyingine BBC inaitwa Blackadder, na msimu wake wa kwanza, 1983, ulikuwa na ugonjwa ule ule mlionao nyie. Ulihusu mwana wa mfalme wa zamani za Uingereza, walipiga picha nje, farasi, kasri la kweli kaskazini mwa nchi, nguo za gharama, hela nyingi, na kicheko kidogo. Steringi alikuwa mjinga mwoga, na mtumishi wake Baldrick ndo alikuwa na akili. BBC wakakaribia kuifuta. Wakasema mkitaka kuendelea gharama zishuke.

Angalieni walichofanya. Uandishi, Atkinson mwenyewe akaacha kuandika, akaingia Ben Elton kushirikiana na Richard Curtis. Farasi wakaachwa, kasri likaachwa, wakaingia studio kwenye vyumba vichache vya mbao, na kwasababu hakuna tena mandhari ya kuangalia ikabidi watu wawe na maneno ya kusema, na maneno yakawa makali kama wembe. Alafu wakabadilishana akili za wahusika. Msimu wa pili, 1986, Blackadder ndo mwenye akili na ulimi, Baldrick kawa mjinga wa mwisho. Na kila msimu wakahamia enzi nyingine, wa tatu 1987, wa nne 1989 ukiwa kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na leo ni moja ya komedi zinazopendwa kuliko zote kule kwao. Watu hawakuwaona hawajielewi, wengi ata ule msimu wa kwanza hawakuuona.

Sasa njooni kwenu. Baba mwenye nyumba wenu ana cheo, ana nyumba, ana hela, alafu ana akili pia, na bado ana kijana wa kumshauri. Mpangaji hana kitu. Hapo mtazamaji anacheka nini? Kila mtu aliyewahi kupanga anayo kumbukumbu ya kukatiwa umeme, mnamkumbusha tu maumivu. Mpeni mpangaji mmoja akili. Au mpeni akili mke wa mwenye nyumba ambaye anawaonea huruma wapangaji na anamzunguka mumewe. Au mwacheni baba mwenye nyumba awe na ujanja mwingi ila kila ujanja unamrudia mwenyewe, anakata umeme wa wapangaji kumbe jokofu lake la samaki nalo liko kwenye laini hiyo hiyo. Mwonevu akishindwa na uonevu wake mwenyewe, hapo Mpwapwa nzima itacheka, na ata yeye muonyesheni siku moja anaogopa kitu, labda naye kuna mtu anamdai.

Kuhusu gharama, acheni Kongwa, acheni mlimani. Mna uwanja wa nyumba ya kupanga, bomba moja la maji, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Hamjui utajiri mlionao. Watu wanane wanaogombea bomba moja asubuhi, mmoja anachelewa kazini, mwingine kaweka ndoo kumi kwa niaba ya watu ambao hawapo, mwingine anapiga mswaki polepole makusudi, hiyo ni episodi nzima na hamjalipa bodaboda ata mia. Seinfeld ya Marekani ilijengwa hivyo, watu wanne, nyumba moja na mgahawa mmoja, kuna episodi nzima wanasubiri meza tu kwenye mgahawa wa Wachina.

Na hiyo Seinfeld iwape moyo kuhusu mdhamini wenu. Episodi yake ya majaribio ilionyeshwa Julai 1989, watazamaji wa majaribio waliiona mbaya, na Elaine, yule dada pekee kati ya wale wanne, hayumo kabisa, wewe fikiria Seinfeld bila Elaine. NBC wakataka kuachana nayo. Kuna mkuu mmoja wa vipindi, Rick Ludwin, ambaye ata kazi yake haikuwa komedi za aina hiyo, akabana bajeti yake ya vipindi maalumu akapata hela ya episodi 4 tu. Nne! Zikaonyeshwa 1990, zikafuata nyingine, ikaja kumalizika Mei 1998 kwenye msimu wa 9, na episodi ya mwisho iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 76 kule Marekani. Cheers, komedi nyingine ya Marekani, nayo ilipoanza 1982 ilikuwa karibu na mkia kabisa kwenye hesabu za watazamaji, stesheni ikaivumilia, ikakaa misimu 11. Na hili nalisema kwa uchungu, hapa kwetu kazi nyingi za vijana zinakufa kwenye episodi ya sita au ya nane, mdhamini kachoka, stesheni imejaza nafasi na tamthilia ya nje iliyotafsiriwa, na hatutajua kamwe msimu wao wa pili ungekuwaje. Kwahiyo mpelekeeni mdhamini wenu mpango, sio maombi. Mwambieni tumebakiwa na nne, gharama tumeshusha hivi, mhusika huyu tumembadilisha hivi, duka lako litaonekana hapa kwenye tukio la mwenye nyumba kuja kununua kufuli za kufungia bomba. Mfanyabiashara akiona hesabu imepungua na jina lake limeingia kwenye kicheko atakaa.

Jambo lingine dogo ila msilipuuze. Episodi inayofuata msiirushe kwanza. Wekeni spika na tivii pale kijiweni au ukumbi wa shule wakiwaruhusu, kaeni nyuma, na msiangalie tivii, angalieni watu. Andikeni wamecheka dakika ipi na nani alikuwa kwenye skrini. Nawahakikishia atakuwa ni mtu ambaye hamkumtegemea, yule dada wa mgahawa aliyesema neno moja, au yule mpangaji bubu. Andy alibakishwa Parks and Recreation kwa njia hiyo hiyo, walimwona anafanya kazi. Huyo mtu mpeni nafasi kubwa, ata kama steringi wenu atanuna.

Mkimaliza nitumieni, nitaangalia zote nne.

SWALI: Anko shikamoo, nipo Manyoni. Nimeolewa na tunaishi na mama mkwe, jioni wote tupo sebule moja na rimoti anashika yeye. Katika hizo komedi zinazoanza vibaya alafu zinanoga, ipi naweza kuweka mbele ya mama mkwe bila kuingia chumbani kwa aibu? Na Kiingereza chake ni cha kuombea maji.
*Mke wa Manyoni*

JIBU: Marahaba mwanangu. The Office usithubutu, kuna matusi na kuna mambo ya kitandani yanatajwa bila taarifa, utakimbilia jikoni kila dakika. Blackadder utani wake mwingi ni wa chini ya mkanda na umefichwa kwenye Kiingereza cha zamani, mama mkwe hatauelewa lakini shemeji yako akiingia ataelewa. Parks and Recreation ina nafuu, ila nayo ina sehemu za kuruka na watu wanaongea haraka, bila wewe kukaa pembeni unamtafsiria haitaenda, na ukitafsiri utani unachelewa na kicheko kimeshapita.

Kwa mama mkwe weka Mr. Bean ya watu, ile ya zamani, episodi ya yeye anafanya mtihani au anakwenda kuogelea. Hakuna maneno ya kutafsiri na sehemu za aibu ni chache, alafu kwa muda wako mwenyewe, akienda kulala, anza hiyo Parks and Recreation, na sauti punguza.